Mpagazi Asiye na Jina

 

Katika mji wa Nairobi, katikati ya barabara ya Kenyatta Avenue, wamesimama wanaume watatu wa shaba. Maelfu ya watu huwapita kila siku wakikimbilia kazi, na ukimwuliza mtoto hao ni nani, atakujibu, "Ni askari." Amesema kweli, lakini hakumaliza. Mmoja ni askari wa King's African Rifles, wa pili ni askari Mwarabu wa pwani. Wa tatu ni mpagazi, mtu wa kubeba mizigo. Leo nataka tuzungumze juu ya huyo wa tatu.

Mnakumbuka habari za Yoshua. Israeli walipovuka Yordani, waliamriwa kuchukua mawe kumi na mawili mtoni na kuyasimamisha, ili watoto wao watakapouliza maana yake, wazazi wawe na la kuwaambia. Angalia vizuri, ndugu msikilizaji. Jiwe halikupewa kazi ya kusema. Kazi ya kusema alipewa mzazi.

Basi tuseme. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwezi wa Agosti 1914, Waingereza walikuwa wakitawala hapa kwetu, na Wajerumani ng'ambo ya mpaka, katika Tanganyika. Kwa muda wa miaka minne majeshi yao yalifukuzana toka Taveta hadi Msumbiji na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Njia ya reli haikufika kote. Magari yalizama katika matope. Farasi, punda na ng'ombe waliuawa na ugonjwa wa mbung'o. Kikabaki kichwa cha mwanadamu.

Tufanye hesabu kidogo. Mpagazi alibeba mzigo wa kama ratili 50 au 60. Tuseme amebeba unga, naye anakula ratili mbili kwa siku. Akienda siku kumi na kurudi siku kumi, amekwisha kula ratili 40. Askari aliye mbele anapata kilichosalia. Kwa hiyo kila jeshi liliposonga mbele, walihitajiwa wapagazi zaidi, na wengine zaidi wa kuwalisha hao. Mwaka 1917 machifu waliamriwa kutoa vijana kwa wingi. Walitoka Nyanza, Ukambani, Kikuyu, Meru na pwani. Wachache walijitolea, wengi walichukuliwa kwa nguvu, wengine usiku.

Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Wananchi wakakitamka kwa ulimi wao: Kariakoo. Ndiyo asili ya jina la Kariokor hapa Nairobi, na la Kariakoo kule Dar es Salaam. Mama anayenunua kiondoo katika soko la Kariokor anataja jina la jeshi la wapagazi, hata kama hajui.

Wanahistoria wanakadiria kwamba wapagazi waliokufa upande wa Waingereza katika vita hivyo vya Afrika Mashariki walikaribia 100,000. Waliouawa kwa risasi walikuwa wachache. Wengi waliuawa na kuhara damu, malaria na kichomi. Mtu aliyezoea ndizi au wimbi alipewa unga wa mahindi usioiva vizuri, akalala kwenye mvua na blanketi moja, kisha asubuhi akaambiwa, "Beba."

Je, ilikuwa lazima wafe hivyo? Sikilizeni jambo hili. Mwaka huo huo wa 1917 daktari wa misheni ya Waskoti huko Kikuyu, John Arthur, pamoja na misheni nyingine, waliunda kikundi cha wapagazi wa misheni, karibu watu 2,000. Walikwenda safari ile ile ngumu. Lakini walikaa pamoja, wakiangaliwa na watu waliowajua, na waliokufa kati yao walikuwa wachache sana kuliko katika makundi mengine. Mahali pale mtu alipojulikana, alitunzwa, na aliyetunzwa alirudi nyumbani.

Sasa turudi kwenye zile sanamu. Zilifanywa na Mwingereza James Alexander Stevenson, zikafunuliwa mwaka 1928. Chini yake kuna maandishi kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, yaliyotungwa na mwandishi Rudyard Kipling. Yanawataja wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, kisha yanaahidi kwamba mtu akifa kwa ajili ya nchi yake, wanawe watalikumbuka jina lake. Kipling alijua alichokiandika. Mwanawe wa pekee, John, alipotea vitani Ufaransa mwaka 1915, na baba alikufa bila kuliona kaburi lake.

Lakini jina la John Kipling liliandikwa katika jiwe. Zunguka sanamu za Nairobi pande zote, hutaona jina hata moja la mpagazi. Ahadi ya jina imeandikwa. Majina yenyewe hayakuandikwa. Mishahara ya wengi waliokufa haikuchukuliwa na mtu, ikajadiliwa miaka mingi, wala haikufika kwa wajane na yatima.

Mwezi wa Aprili 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri jambo hili wazi. Ilisema kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, na huenda hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni.

Wako wasemao, "Sanamu hizo ni za mkoloni, ziondolewe." Naelewa uchungu wao. Vita haikuwa yetu, na mfalme hakuwa wetu. Lakini mpagazi yule ni wetu. Ni mahali pachache duniani ambapo mbeba mzigo amesimamishwa juu ya jiwe, bega kwa bega na askari. Tukimwondoa, tutakuwa tumemzika mara ya pili, na safari hii kwa mikono yetu wenyewe.

Basi tufanye nini? Kwanza, ukipita Kenyatta Avenue na mtoto wako, simama dakika tano umsomee yale maandishi, maana Kiswahili chake kipo. Pili, ukienda nyumbani, waulize wazee: katika ukoo wetu, nani alikwenda Kariakoo asirudi? Wale waliowaona kwa macho wamekwisha kututoka, lakini wajukuu wao wangali wanakumbuka majina. Liandike jina hilo, na la kijiji chake, katika daftari au katika Biblia ya nyumbani. Mzee akifa kabla hujamwuliza, hakuna tume itakayolipata.

Mchungaji mwema huwaita kondoo wake kila mmoja kwa jina. Yeye hakumsahau hata mmoja kati ya wale waliolala njiani. Sisi nasi tusiridhike kuwa na sanamu, tukakosa jina.