Usile Mbegu: Mkulima Anatufundisha Nini Juu ya Pesa

Nawasalimu ninyi mliovuka Rusizi kutoka Bukavu, mliopitia Gatuna kutoka Kampala na Kabale, mliotoka Bujumbura, na ndugu zangu wa Ngara na Karagwe mliokuja kwa basi kupitia Rusumo. Na wewe ambaye hukuweza kufika hapa Kabeza, unayesoma jarida hili la kumbukumbu ukiwa nyumbani kwako, sogea karibu. Maneno haya ni yako pia.

Niliombwa nifundishe juu ya pesa, nikacheka kidogo, maana mke wangu amekaa pale mbele na yeye ndiye anajua daftari letu. Mimi si mtu wa benki. Nina cheti cha shule ya Biblia, na kabla ya cheti nilikuwa na jembe. Basi leo nitafundisha kutoka kwenye jembe.

Nilikulia Karagwe, upande wa Tanzania, kabla familia yetu haijarudi Rwanda. Mama yangu alilima maharage misimu miwili kwa mwaka. Siku ya kupiga maharage, sisi watoto tulikuwa tunangoja chungu tu. Lakini mama hakuweka chungu motoni kabla ya kutoa debe moja. Alikaa chini akachagua punje moja moja, zilizotobolewa na wadudu akatupa kando, nzuri akazichanganya na majivu, akazitia kwenye kibuyu kikubwa na kukitundika juu ya jiko, kwenye moshi. Baada ya hapo alitenga kidogo cha kanisa na kidogo cha bibi. Kilichobaki ndicho kilikuwa chakula, hata kama kilikuwa kidogo.

Mnaolima mnajua mwisho wa mwezi wa nane ulivyo. Ghala limebaki vumbi na mvua bado. Tulikula viazi vitamu asubuhi, tukala viazi vitamu jioni. Na kile kibuyu kinaning'inia pale juu, tunakiona! Kaka yangu siku moja akashindwa kuvumilia: "Mama, si yale maharage yapo?" Mama akamjibu, "Yale si maharage. Yale ni shamba la mwezi wa tisa."

Mwenzangu, hapo ndipo sisi wa mjini tunapoanguka. Mkulima ana kibuyu, anaona kwa macho kwamba hii ni mbegu na hii ni mboga ya leo. Sisi pesa zetu zote zimo ndani ya simu, zimekuwa namba moja. Mama anayeuza nyanya hapa soko la Kabeza anafungua simu anaona elfu sitini, anasema, "Leo Mungu amenitendea." Lakini ndani ya hiyo elfu sitini, elfu hamsini ni ya kwenda Nyabugogo kesho alfajiri kununua nyanya nyingine. Ile ni mbegu. Chakula chake ni elfu kumi, na ndani ya elfu kumi hiyo kuna kodi ya nyumba, kuna ada, kuna mitiweli ya watoto. Fundi wa ujenzi ni hivyo hivyo. Kijana wa moto ni hivyo hivyo, anahesabu pesa ya mchana mzima anasahau mafuta na matairi. Wengi wetu hatuna mshahara wa mwisho wa mwezi. Tunavuna kama mkulima, leo nyingi, wiki mbili hakuna. Sasa kwa nini tunakula kama watu wa mshahara?

Yusufu kule Misri hakungoja njaa ifike ndipo aanze kuhesabu. Someni Mwanzo 41. Alishauri itengwe sehemu ya tano katika miaka ile ya shibe, wakati watu walikuwa wanaona ngano kama mchanga na hakuna aliyekuwa na wasiwasi. Wazee wa Rwanda nao walizipa njaa majina ili zisisahaulike. Ile ya mwaka 1943 na 1944 wanaiita Ruzagayura mpaka leo. Wewe na nyumba yako, je, ule mwezi mliolala bila kula mnaukumbuka? Au mlishukuru ukapita, mkaufuta?

Kuna jambo la pili, nalo ni baya kuliko kula mbegu. Ni kuuza shamba likiwa bichi. Kule Kagera linaitwa butura: mkulima ana shida, kahawa yake ndiyo kwanza imetoa maua, anakuja tajiri na pesa mkononi anainunua hapo hapo juu ya mti, kwa bei ya huruma. Siku ya kuchuma, mkulima anasimama pembeni anaangalia kahawa aliyoipalilia ikibebwa na mwingine. Huku Rwanda tunasema kotsa imyaka, yaani kuchoma mazao. Jina lenyewe linatosha. Serikali za pande zote mbili zimekataza, viongozi wamepiga kelele, lakini shida ikimkamata mtu usiku hasikii tangazo.

Usicheke, wewe wa mjini. Unapochukua mshahara wa mwezi ujao leo, umeuza maua. Unapokopa kwenye simu ili ulipe mkopo wa jana wa simu, umeuza maua. Na ukienda kwa wale tunaowaita hapa Banki Lamberi, umeuza na mti wenyewe. Hawa hawana ofisi wala kibao. Wanakaa na kitambulisho chako, wengine wanakusainisha karatasi kwamba umewauzia kiwanja, ilhali umekopa tu. Nitawaonyesha hesabu yao, lakini kwanza ngoja niwaambie jinsi nilivyoijua, maana ndiyo sababu hasa ya kusimama hapa leo.

Miaka michache iliyopita, kabla ya Korona, nilihubiri katika kusanyiko moja juu ya Isaka. Mnalijua somo hilo, Mwanzo 26: alipanda katika nchi ile, akavuna mara mia mwaka ule ule. Sisi wainjilisti tunalipenda sana wakati wa sadaka. Nikasema, "Panda mbegu! Toa ile inayouma!" Watu wakaja mbele. Dada mmoja, muuza mboga, akaleta elfu hamsini. Tulishangilia, na mimi nikamwombea kwa sauti kubwa. Pesa zile pamoja na nyingine zikanunua spika.

Miezi mitano baadaye mimi na mke wangu tulimtembelea, kwa kuwa alikuwa haonekani. Hakutulaumu. Alitupa viti, akatupa chai bila sukari, akakaa, akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwinjilisti, mavuno yanakuja lini?"

Ile elfu hamsini ilikuwa mtaji wake wote. Jumatatu yake hakuwa na kitu cha kupeleka sokoni, akaenda Banki Lamberi akakopa elfu hamsini, riba asilimia 20 kwa mwezi. Kila mwezi elfu kumi. Ameshalipa miezi mitano, yaani elfu hamsini imetoka mkononi mwake, na deni bado ni elfu hamsini ile ile, halijapungua hata faranga moja. Kitambulisho chake hakipo. Na alikuwa anajiona mwenye dhambi, kwamba labda imani yake ni ndogo.

Wapendwa, sikulala. Niliona kile kibuyu cha mama. Nilikuwa nimempandia mtu jukwaani nikamshusha kibuyu chake mwenyewe, nikakipika, nikawalisha watu. Na Isaka? Isaka alipanda ardhini! Alikuwa na shamba, akatia mbegu udongoni, Mungu akabariki kazi ile. Mimi niliruka neno "alipanda" nikakimbilia "mara mia". Kisha nikasoma tena 2 Wafalme 4, yule mjane mwenye deni na watoto wake karibu kuchukuliwa. Mafuta yalipojaa vyombo, Elisha hakumwomba hata chupa moja. Alimwambia akauze, alipe deni, kisha yeye na watoto waishi kwa kitakachobaki. Nimehubiri mafuta yale miaka mingi, sijawahi kuhubiri lile deni.

Msinielewe vibaya. Mama yangu alitoa cha kanisa kila msimu, na mimi natoa zaka na nitaendelea kufundisha zaka. Lakini alitoa kutoka kwenye mavuno, hakutoa kutoka kwenye kibuyu. Na hakuwahi kukopa ili aonekane ametoa.

Kwa habari ya kuweka akiba sitasema mengi, mnazijua njia. Sisi tuna ikimina, ninyi wa Bukavu na Goma mna likirimba, Tanzania upatu, Kenya chama. Hapa Rwanda kuna SACCO, na Ejo Heza inapokea hata pesa kidogo kwa simu kwa ajili ya uzee. Ninachoomba ni kitu kidogo cha kuanzia: wewe unayefanya biashara, pesa ya mbegu usiiache kwenye namba moja na pesa ya kula. Itoe siku ile ile, kabla ya chungu, uiweke mahali ambapo mkono wa njaa utachelewa kufika. Na ninyi watunza hazina wa matawi yetu, mtu akileta kiasi kinachowashangaza, mwulizeni taratibu, pembeni, kama ni mavuno au ni kibuyu. Kama ni kibuyu, mrudishieni na mwombee hivyo hivyo.

Yule dada, mimi na mke wangu na ndugu wengine wawili tulichanga kwa miezi minne tukamaliza deni lake. Kitambulisho kilirudi. Kanisa nalo liliongeza kidogo, akaanza na kapu moja la vitunguu na dodo. Yupo sokoni leo, wengine mmenunua kwake asubuhi hii bila kujua. Jumapili iliyopita alitoa sadaka, elfu moja, akaniangalia akacheka: "Hii ni mavuno, Mwinjilisti. Nimeshatoa mbegu."