Kazi ya Ofisi na Kazi ya Moyo

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Halmashauri imetupa jambo ambalo kila mmoja wetu amelisikia likinong'onwa barazani, walakini halijapata kuletwa mkutanoni. Vijana wetu watatu, makarani hodari, wataka kuacha kazi. Mmoja atunga mashairi, wa pili achora, wa tatu apiga udi. Wazee wao walia, wenzao wacheka. Sisi hatukuja kulia wala kucheka. Tumekuja kupiga hesabu, maana ndiyo kazi tuliyofundishwa.

Na tumtazame kwanza mtu wa daraja letu. Shaaban Robert, aliyezaliwa upande wa Tanga mwaka 1909, aliingia ukarani katika Idara ya Forodha mwaka 1926, akakaa humo hata mwaka 1944. Baadaye alitumika katika Idara ya Wanyama, kisha katika ofisi ya Wilaya, kisha ya Upimaji. Kitabu chake cha Kusadikika kilipotoka mwaka 1951 alikuwa angali mtumishi wa Serikali. Kitabu hicho ni habari ya mashtaka, hoja na wakubwa wasiopenda kusikiliza. Nasi twaona kwamba mtu asiyepata kukaa ofisini asingaliweza kukiandika vile. Husemwa kuwa ofisi hukausha moyo. Wa Shaaban haukukauka.

Lakini tusimfanye fimbo ya kuwapigia vijana. Alifariki mwaka 1962, miaka michache tu baada ya kustaafu. Utenzi wa Vita vya Uhuru ulichapishwa mwaka 1967, na Siku ya Watenzi Wote mwaka 1968. Mwenyewe hakuviona vitabu hivyo mikononi mwa wasomaji. Saa za mtu ni chache, na ofisi huchukua zile zilizonona.

Wa pili ni mtu wa Posta ya Uingereza, Anthony Trollope, aliyeanza ukarani mwaka 1834. Huyu twapenda kukaa naye kidogo, kwa kuwa hesabu zake alizieleza waziwazi. Alimlipa mtumishi wake mzee pauni 5 zaidi kila mwaka ili amwamshe kabla ya mapambazuko. Saa kumi na moja u nusu alikuwa mezani, saa yake mbele yake, akijitoza maneno 250 kila robo saa, hata saa mbili u nusu. Ndipo alipokwenda kwenye kazi ya Posta. Mwaka 1864 alipitwa katika kupandishwa cheo, na jambo hilo lilimchoma. Hakuondoka siku hiyo. Alikuwa amekwisha kushauriana na mkewe kwamba ataacha kazi siku atakapokuwa ameweka akiba ya kumletea pato sawa na malipo ya uzeeni ambayo angeyapoteza. Akiba ilitimia, akaondoka mwaka 1867, mwenye umri wa miaka 52, ilhali malipo hayo yalimngojea afike miaka 60.

Mtasema: mshahara wa Trollope haukuwa na mikono mingi iliyounyoshewa kama wetu. Ni kweli. Wetu hulipa ada ya mdogo wetu, dawa ya mama, na nauli ya mjomba aliyekuja kwa siku mbili akakaa miezi miwili. Karani wetu akiacha kazi haachi peke yake. Huacha pamoja na watu sita ambao hawakuulizwa. Hao ndio twawasemea hapa, maana hawamo mkutanoni.

Hata hivyo kungoja nako kwaweza kuwa hasara. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa upande wa Tunduru, alifika Dar es Salaam akafanya kazi za namna nyingi. Alianza kuchora karibu na mwaka 1968, kwa vipande vya ubao mwembamba na rangi ya baiskeli. Alikufa mwaka 1972. Ni miaka minne tu, na hata leo namna ile ya kuchora huitwa kwa jina lake. Angalingoja uzee, tusingalikuwa na kitu. Lakini angalieni pia mtaji wake: ubao na kopo la rangi. Hakukopa, wala hakuuza shamba la baba yake.

Basi vijana wetu twawaomba, kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi, wafungue daftari mwaka mzima: upande mmoja kilicholetwa na sanaa, upande wa pili kilicholiwa nyumbani. Wawaonyeshe wake zao na wazazi wao daftari hilo pasipo kuficha ukurasa. Na karatasi ya Serikali isitumiwe kwa tenzi, wanaohusika wanajijua.

Nanyi wazee msiokubali hata kusikia neno hili, twawauliza: kijana ataandika wapi, ikiwa chumba chake kimoja kina watoto wanne? Twaleta shauri kwamba chumba cha Chama, ambacho hufungwa saa kumi na mbili, kiachwe wazi hata saa nne usiku, siku tatu kila juma, na Chama kigharimie taa. Mweka Hazina amekwisha kutuambia kwamba funguo ni mbili, na mmoja hauna mwenyewe.