Kuingia si Kufaa: Namna ya Kuchagua Pompe ya Gari Letu
Maneno tuliyosema mbele ya mkutano wa wanamemba, Nyangwe



Wengi mliuliza: gari limesimama wiki tatu, na pompe ya esanse ilishanunuliwa, sasa kuna nini? Muko na haki ya kuuliza, michango ni yenu. Leo tunawaeleza wazi, hata pale sisi wenyewe tulikosea.

Gari letu ni Land Cruiser ya zamani, moteri ya 2F, yenye kabureta. Pompe yake haina umeme. Imefungwa ubavuni mwa moteri, na moteri yenyewe inasukuma mkono wake. Ndani mna ngozi ya mpira, na ile ngozi ilipasuka. Fundi alipovuta kijiti cha kupimia, akakuta oili imepanda na inanuka esanse. Oili ya namna hiyo inakula moteri, kwa hiyo tulisimamisha gari.

Halafu tukaharakisha. Tulinunua pompe ya umeme kwa sababu tu midomo yake iliingia vizuri katika mipira yetu. Kumbe ilikuwa ya gari lisilo na kabureta, la kupuliza esanse. Ile inasukuma kwa presio ya karibu bari 3. Kabureta inaomba bari 0.2 au 0.3 tu. Kale kasindano kanakofunga esanse ndani ya kabureta kakashindwa, esanse ikamwagika juu ya moteri ya moto. Tunamshukuru Mungu, fundi alikata umeme haraka. Siku hiyo mama mmoja alikuwa anangoja kupelekwa Kasongo kuzaa. Alienda kwa pikipiki. Sisi tuliotoka ukimbizini tunajua kungoja, lakini uchungu wa kuzaa haungoji.

Njo maana tumeweka maulizo manne kabla ya kununua.

Kwanza, moteri ni gani? Tusome namba iliyopigwa juu ya moteri, siyo jina la gari. Magari mengi ya zamani yalishabadilishwa moteri.

Pili, inafanana na ya zamani? Tuibebe ile ya zamani mpaka dukani. Tuhesabu midomo: ziko za miwili, ziko za mitatu, na wa tatu unarudisha esanse katika tanki. Tupime mkono na matundu ya kufungia. Hata ile karatasi ya kuziba, unene uwe uleule. Ikizidi, mkono haufiki vizuri.

Tatu, tukikosa nyingine isipokuwa ya umeme, je, ni ya kabureta? Volti zake ni sawa na za betri? Ifungwe chini, karibu na tanki, maana inajua kusukuma kuliko kuvuta. Iwe na fyuzi, na swichi ya kuizima moteri ikizimika, ili gari likipinduka isiendelee kumwaga.

Nne, tanki ni safi? Esanse yetu inatoka katika bidoni, na inabeba maji na mchanga. Tuchuje kwanza, na filta ikae mbele ya pompe.

Rafiki zetu wafadhili, tafadhali msitume pompe kwa kuona picha ya gari. Tuulizeni namba ya moteri, tutawapa pamoja na picha ya pompe yenyewe.

Ile ya kosa tutaiuza kwa mwenye gari inayolifaa, na pesa itarudi katika kasha mbele ya macho yenu.