AKIBA YETU IMO NDANI YA PIPA
Hotuba ya wapika mbege wa chama, iliyosomwa siku ya kuadhimisha miaka 10

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mama Mwenyekiti wa chama chetu,
Wazee wetu, viongozi wa kijiji, wageni waalikwa,
Akina mama wenzetu,

Chama kutimiza miaka kumi si jambo dogo. Viko vilivyoanza nasi na leo havipo. Tunawashukuru viongozi wetu kwa kutupa nafasi, sisi wanachama tunaopika mbege, tuseme machache juu ya kazi yetu.

Tunajua wako wenzetu hapa ambao pombe hawanywi wala hawapiki. Mwenzetu wa cherehani atauliza, usafi wa pipa unanihusu nini mimi? Na wa kuku naye vivyo hivyo. Jamani, unawahusu sana. Mwenzenu akikopa kwenye sanduku letu akanunua ndizi, ulezi na kuni, fedha ile ni ya kwenu nyote. Kwa siku saba au nane haipo sandukuni wala mfukoni mwake. Imo ndani ya pipa, imefunikwa kwa kitambaa. Mbege ikitoka nzuri, mkopo unarudi na faida juu. Ikiwa siki, inamwagwa migombani, na hapo ndipo maneno huanza.

1. Moto unaishia wapi

Kila mama wa Kilimanjaro anaijua njia ya mbege, lakini hebu tuifuate tena kwa jicho la usafi. Ndizi mbivu zinachemshwa muda mrefu mpaka ziwe nyekundu. Zinapoa, zinakaa siku kadhaa zikiiva kwenye chombo. Gamba la msesewe linatupa ule uchungu wake. Siku ya mwisho tunasaga ulezi uliooteshwa, tunapika uji, ndio mso. Ndizi zinavurugwa na maji, zinachujwa, zinachanganywa na mso uliopoa, na kesho yake watu wanakunywa.

Sasa angalieni. Ndizi zimepita motoni na mso umepita motoni, na vijidudu vingi vilivyokuwamo vimekufa. Lakini baada ya hapo mbege haioni moto tena mpaka inaingia tumboni mwa mtu. Kwa hiyo kila kitu kinachoigusa baada ya kupoa, yaani pipa, chujio, mwiko, maji ya kuvurugia, mkono na kata, ni mlango. Hili ndilo neno letu kubwa leo, na mkisahau mengine yote mlishike hili: pombe haiharibikii jikoni, inaharibikia kwenye vyombo baada ya moto.

Jambo hili lina historia. Mwaka 1856, katika mji wa Lille huko Ufaransa, mwenye kiwanda cha kutengeneza kilevi kwa viazi sukari alimwendea mwanasayansi Louis Pasteur, kwa sababu mapipa yake mengine yalikuwa yanaharibika. Pasteur alitazama kwa hadubini. Katika pipa zima aliona chembe za mviringo, ndiyo chachu yenyewe. Katika pipa lililoharibika aliona vijidudu vingine, virefu kama vijiti. Kumbe pipa linagombaniwa! Ikitangulia chachu, tunapata pombe. Wakitangulia wale wengine, tunapata uchachu mbaya. Nao wale wanaogeuza pombe kuwa siki wanapenda hewa, na husafiri miguuni mwa vile vijinzi vidogo vya ndizi mbivu. Ndiyo maana pipa hufunikwa kwa kitambaa safi kilichofungwa kamba, wala si kwa kipande cha kiroba kinachopepea. Lakini usilikaze pipa mpaka hewa isitoke, maana pombe inapoiva inatoa gesi.

2. Habari ya mwenzetu mmoja

Mwenzetu mmoja ametupa ruhusa tuseme habari zake bila kumtaja. Alipika mara tatu, na mara zote tatu mbege ikawa siki. Mara ya kwanza walisema ulezi ulikuwa mbaya. Mara ya pili walisema maji. Mara ya tatu maneno yakageuka, watu wakasema mama yule ana mkono mbaya, wengine wakasema amerogwa. Wateja wakahama. Aliuza mbuzi wake wawili akalipa mkopo wa chama mpaka shilingi ya mwisho, kisha akaacha kuja mikutanoni. Si kwa deni, bali kwa aibu.

Aliyetegua kitendawili ni binti yake, siku alipoliinamisha lile pipa juani akaingiza kichwa ndani. Chini, pale ukuta unapokutana na kitako, palikuwa na ufa mwembamba kama uzi, na ndani ya ufa mna utando mweupe wenye harufu ya siki. Sabuni ilikuwa inapita juu, ufa unabaki na mali yake. Kila pombe mpya ilipokelewa na uchachu wa ile ya zamani. Pipa likafanywa la kuwekea maji ya ng'ombe, akaazima lingine, mbege ikatoka kama zamani. Leo mwenzetu huyu ameketi hapa kati yetu. Mkono wake haukuwa na kasoro hata siku moja.

Tunalisema hili kwa sababu uchafu usioonekana huzaa uongo unaosikika mbali. Mnamo Januari 2015, huko Chitima, mkoa wa Tete nchini Msumbiji, watu 75 walifariki baada ya kunywa pombe ya kienyeji msibani. Mama aliyeipika naye alikuwa miongoni mwa waliokufa. Uvumi ulioenea mwanzoni ni kwamba mtu alitia nyongo ya mamba. Uchunguzi wa maabara ulionyesha kuwa ni sumu iliyotengenezwa na vijidudu vilivyoota kwenye unga wa mahindi ulioharibika. Sumu ile haiondoki kwa kuchemsha. Basi tujifunze mawili. Unga wenye ukungu au ulioloa haupikiwi pombe, hata kama vyombo vinang'aa. Na kabla ya kumtafuta mchawi, tutazame kwanza ghala na pipa.

3. Kuosha ni kazi moja, kuua vijidudu ni kazi nyingine

Wengi wetu tukishasugua tunaona tumemaliza. Bado. Kuosha kunaondoa uchafu, na kuua vijidudu kunafuata. Dawa haipiti kwenye utando wa uji. Ukiimwaga juu ya uchafu umepoteza dawa yako. Utaratibu tunaoufuata ni huu:

(a) Pipa likiisha pombe, lisuuzwe saa ileile kwa maji baridi. Usilale nalo. Mso ukikauka unashika kama gundi, na ukianza na maji ya moto unaupikia palepale ukutani.

(b) Lisuguliwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, au magadi, ambayo ni mazuri kwa utando wa mafuta na uji. Tumia dodoki au kitambaa. Pipa la plastiki lisiguswe na steelwaya wala mchanga, maana kila mkwaruzo ni nyumba ya vijidudu. Kwenye sufuria, majivu yetu ya siku zote yanafaa.

(c) Lisuuzwe mpaka povu na utelezi viishe.

(d) Sasa ndipo dawa. Jiki nyingi za dukani zina nguvu ya asilimia 3.5, soma lebo. Kwa hiyo, kijiko kimoja cha chai kwa kila lita moja ya maji baridi kinatosha; ndoo ya lita kumi ni vijiko kumi. Huna haja ya kulijaza pipa. Mimina, ligeuzegeuze, lipanguse kwa kitambaa kilicholoa dawa ileile, ukuta wote ubaki umelowa kwa dakika kumi na tano. Dawa ichanganywe siku hiyohiyo, ya jana imepungua nguvu.

(e) Lisuuzwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Maji ya mfereji wa shambani yatakurudishia ulichokiondoa. Na Jiki ikibaki, mbege itakuwa na ladha ya dawa ya hospitali.

(f) Liinamishwe juu ya kichanja, si chini kwenye udongo, likauke.

Tahadhari, akina mama: Jiki isichanganywe kamwe na siki, ndimu wala dawa ya choo. Inatoa hewa ya sumu inayounguza mapafu. Na isitumike kwenye sufuria za alumini wala chuma, inazila. Hizo zinatosha maji yanayochemka.

4. Chombo kimoja kimoja

Pipa. Tusinunue pipa bila kujua lilibeba nini. Lililobeba dawa ya kahawa au kemikali ya kiwandani haliponi kwa kuoshwa, maana plastiki imekwisha kunywa sumu. Tafuteni lenye alama ya bilauri na uma. Mapipa ya chuma nayo si salama kukaliwa na pombe. Pombe ni chachu, inamumunya chuma kidogo kidogo, na huko Afrika Kusini madaktari wameandika tangu mwaka 1929 juu ya wanywaji ambao maini yao yalijaa madini ya chuma. Baadaye chanzo kikaonekana ni vyombo vya kupikia.

Chujio. Hili ndilo adui aliyejificha. Kitambaa kinakamuliwa, kinatundikwa kwenye mgomba, kinasubiri wiki ijayo. Kichemshwe dakika kumi baada ya kazi na tena kabla ya kazi, kikauke juani. Na kiroba kilichobeba mbolea kisichujie chochote, hata kikioshwa mara mia.

Mpira wa kuhamishia pombe. Tuache kuuvuta kwa mdomo. Ujaze maji yaliyochemshwa, ziba ncha kwa kidole safi, uingize, achia.

Kata. Hapa tunakwenda taratibu, maana wazee wapo. Kata ni heshima, nayo haina budi kubaki kwenye mahari na matambiko. Lakini kibuyu na mti vina vinyweleo, vinakunywa dawa ya Jiki na kuirudisha kwenye pombe. Kata imwagiwe maji yanayochemka, isuguliwe, ianikwe juani mpaka ikauke kabisa ndani. Kwenye biashara, tuchote kwa jagi lenye mpini na kila mteja apewe kikombe chake. Kipindupindu kikiingia wilayani hakiulizi nani ni mzee.

Maji ya kuvurugia. Si chombo, lakini yanapita kwenye mlango uleule. Yachemshwe jana yake, yafunikwe.

Mtatuuliza: tukiua vijidudu vyote, mbege itaumuka na nini? Swali zuri. Wazee walikuwa wanaacha masalia ndani ya pipa yawe chachu ya pombe inayofuata, na mara nyingi walifaulu. Lakini masalia yanahifadhi mema na mabaya pamoja. Tunaloshauri ni kuchota chachu kwenye mbege iliyotoka vizuri, kabla wateja hawajaigusa, na kuiweka kwenye chupa iliyochemshwa. Chachu uichague mwenyewe, usiachie ufa wa pipa ukuchagulie.

5. Ombi letu kwa chama

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mama Mwenyekiti, tunaomba mambo matatu. Kwanza, mkopo wa pombe usitolewe kabla wanachama wawili hawajatazama pipa la mwombaji, ndani na chini. Pili, chama kinunue mapipa mawili mapya ya kuazimana, ili mwenye pipa bovu asilazimike kupikia humohumo kwa kukosa la kubadili. Tatu, mbege ya mwenzetu ikiharibika, twende kwake siku hiyo na tochi na dodoki kabla maneno hayajafika kilabuni. Ziara ile ya saa moja ingemwokolea yule mwenzetu mbuzi wawili, na ingetuokolea sisi mwenzetu.

Tunawatakia wote sherehe njema. Mbege ya leo imepikwa kwa utaratibu huu mliousikia, na maji ya wasiokunywa pombe yamechemshwa kwenye sufuria zilezile. Karibuni sana.