Aliyeumia Nje ya Kazi Naye Ana Haki

(Hotuba iliyotolewa Mlimba mbele ya wafanyakazi na jamaa zao)



Mji wetu umeizoea reli tangu ilipokamilika mwaka 1975, na kila mmoja wetu afahamu kwamba mtu akiumizwa na chuma akiwa kazini, tajiri wake hupaswa kumjali. Lakini je, yule aliyeanguka kutoka juu ya mwembe siku ya Jumapili? Au aliyevunjika mguu kwa ajali ya bodaboda akirudi kutoka shambani kwake? Huyo huambiwa: “Hukuumia kazini, basi hatuna jukumu nawe.” Naye husadiki, akafunga virago.

Neno hilo limechanganya mambo mawili. Ni kweli kwamba Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2008, hulipa kwa ajali na maradhi yatokanayo na kazi. Aliyeanguka mwembeni hana cha kudai huko. Lakini fidia ni jambo moja, na ajira ni jambo jingine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na 63 zifuatazo kwa nusu mshahara. Haiulizi mguu ulivunjikia wapi. (Aliyetumikia chini ya miezi sita kwa kawaida hana likizo hii, ila kibarua wa msimu amekumbukwa.)

Sharti lake ni cheti cha daktari, na hapa ndipo wengi wetu hupotea. Mtu hulazwa Ifakara, jamaa wakahangaikia chakula, dawa na nauli, wala hakuna akumbukaye kumpelekea mwajiri karatasi. Kanuni za mwaka 2007 zahesabu kutokuwapo kazini zaidi ya siku tano za kazi, bila ruhusa wala sababu ya kukubalika, kuwa kosa liwezalo kumwachisha mtu kazi. Basi mgonjwa huondolewa kwa utoro, si kwa kuumia! Twawasihi ninyi mnaouguza: cheti kipelekwe mapema, na nakala ibaki nyumbani.

Na siku hizo zikiisha kabla mfupa haujaunga? Yawezekana kazi ikapotea kweli, hatutaki kuwadanganya. Hata hivyo, kanuni zilezile zamtaka mwajiri atazame kwanza chanzo cha jeraha, ukubwa wake, kama ni la muda au la kudumu, na kama kazi yaweza kurekebishwa, tena amsikilize mfanyakazi mwenyewe. Zamtaka ajitahidi zaidi kwa aliyeumia kazini, lakini hilo halimaanishi kwamba mwingine hastahili juhudi yoyote. Fundi asiyeweza tena kuinua chuma aweza kutunza stoo.

Aliyeachishwa pasipo kusikilizwa ana siku 30 tu za kupeleka shauri lake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, nazo hupita upesi mguu ungali umefungwa plasta. Na aliyechangia NSSF, akapoteza theluthi mbili au zaidi ya uwezo wake wa kujipatia kipato, aulize habari za pensheni ya ulemavu na masharti ya michango yake. Pensheni hiyo haidai kwamba ajali iwe ya kazini.