KUPATANA MBELE YA KUTOA SADAKA
Maneno ya katekista kwa wakristu, katika matayarisho ya Jubilei



Kwa ajili ya Jubilei tumetayarisha mengi. Kanisa limepakwa rangi, waimbaji wamejifunza nyimbo, mashirika yamekusanya vyakula vya wageni. Kwa hayo yote tumshukuru Mungu. Lakini liko tayarisho moja lisilonunuliwa kwa makuta, nalo ni amani kati yetu. Nimeombwa kusema machache juu ya amani hiyo ya nyumbani, ya shambani na ya sokoni.

Kwanza, tufahamu neno lenyewe. Amani, imani na uaminifu ni maneno ya shina moja, lililotoka katika Kiarabu, lenye maana ya usalama na matumaini. Mtu wa amani ni yule ambaye jirani yake analala usingizi bila kumwogopa. Na kupatana kunatokana na kupata: wawili waliopoteana, kila mmoja anampata tena mwenzake. Kwa hiyo mahali pasipo na kelele, lakini watu wanaogopana, hapajawa bado na amani.

Pili, tusikilize Injili. Katika sura ya 5 ya Mateo, Bwana wetu anasema juu ya mtu aliyefika altareni na sadaka yake, akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Anaagizwa aiache sadaka pale pale, aende apatane naye, kisha arudi. Bwana hakuuliza nani alianza ugomvi. Yule aliyekumbuka ndiye anayepashwa kuondoka kwanza.

Kanisa la inchi yetu limeweka fundisho hilo katika Misa yenyewe. Katika utaratibu uliokubaliwa na Roma mwaka 1988 kwa majimbo ya Zaire, kama inchi ilivyoitwa wakati ule, kitubio hakiko mwanzoni. Kwanza tunasikiliza Neno la Mungu. Nyuma ya mahubiri na Nasadiki tunaungama makosa, tunanyunyiziwa maji ya baraka, tunapeana amani. Ndipo tunaleta vipaji. Basi, anayecheza kwa furaha akipeleka ndizi na mbuzi altareni, huku amemkatalia jirani yake mkono, ameacha hatua moja nyuma yake.

Tatu, tutazame maisha ya kila siku. Kitabu cha Walawi, sura ya 25, kinaeleza Jubilei ya Waisraeli: katika mwaka wa 50, shamba lililouzwa kwa sababu ya umaskini lilirudi kwa mwenyewe, na ndugu aliyejiuza kuwa mtumwa aliachwa huru. Sisi je, tutaimba Jubilei namna gani, ikiwa mpaka wa shamba umesogezwa usiku? Ikiwa bwana amekufa, na jamaa yake inamfukuza mjane pamoja na watoto? Hata Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987 inampa mjane haki ya kutumia nyumba aliyokaa na bwana wake. Wakristu wasiwe nyuma ya sheria ya serikali.

Tena, mtoto anapokufa kwa homa, mara nyingi kidole kinaonyesha mama mzee wa jirani: yeye ndiye mchawi. Maneno hayo yamefukuza wazee, na wengine yamewaua. Siku hiyo, kazi ya mkristu ni kukaa karibu na yule mama, watu wote wakimwona. Na chuki ya kabila, watoto hawazaliwi nayo; wanaisikia kwetu wakati wa chakula. Tuchunge midomo yetu mbele yao.

Wengine watasema: toka mwaka 1996 vita vimetutesa mara nyingi; kupatana juu ya mpaka wa shamba kutasaidia nini? Nawajibu: mchochezi akifika kijijini, anatafuta kwanza nani amekosana na nani. Kijiji kilichopatana hakimpi kuni za moto wake.

Wengine watauliza kama amani ni kunyamaza. Hapana. Papa Paulo VI, aliyeanzisha Siku ya Amani ya tarehe 1 Januari 1968, alifundisha kwamba amani haiachani na haki. Tuwatazame Wenyeheri wetu. Isidori Bakanja alipigwa mijeledi kwa sababu ya skapulari yake. Kisha alimsamehe yule mzungu, na akafa tarehe 15 Agosti 1909. Sista Anuarite aliuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964: alikataa dhambi mpaka mwisho, na alimsamehe mwuaji wake. Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma, alikataa rushwa ili chakula kilichooza kisiuzwe kwa watu, akauawa mwaka 2007. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeita uovu wema. Basi, anayemwomba mjane msamaha, amrudishie pia shamba lake.

Ndugu zangu, bado tuko na siku chache mbele ya Misa ya Jubilei. Kila mmoja amfikirie mtu mmoja ambaye hawasalimiani, amwendee. Akiogopa kwenda peke yake, achukue wazee wawili wa shirika. Neno likiwa zito, lipelekwe barazani, mbele ya pande zote mbili, lisemwe kwa ukweli. Mwenzako akikataa, usimtukane. Umwachie mlango wazi, na kumwombea. Hivi, siku ile Padri atakapotuambia tupeane amani, tutapeana kitu tulicho nacho.

Bikira Maria, Malkia wa amani, atuombee. Wenyeheri Bakanja, Anuarite na Floribert watuombee. Mungu aibariki parokia yetu. Amina.