Kuhesabu Pumzi za Mtoto Mgonjwa

Leo twataka kusema nanyi juu ya mtoto mwenye kikohozi. Wengi wetu humgusa paji la uso, na tukiona halina moto, twaenda kulala. Lakini homa ya mapafu yaweza kumwua hata mtoto asiye na joto kali. Yatupasa kutazama pumzi. Mapafu yakijaa ugonjwa, kila pumzi huleta hewa haba, naye mtoto hulazimika kupumua upesi.

Basi mfunueni kifua akiwa ametulia, halii wala hanyonyi. Shikeni saa, mhesabu kifua kiinukapo, dakika nzima. Mtoto wa chini ya miezi 2 akifika pumzi 60, wa miezi 2 mpaka 11 akifika 50, na wa mwaka 1 mpaka miaka 5 akifika 40, pumzi zake zimepita kiasi. Mpelekeni zahanati siku ile ile. Na kama chini ya mbavu panabonyea ndani avutapo pumzi, au hawezi kunyonya, msingoje kupambazuke. Ondokeni usiku ule ule.

Dakika moja si nyingi kwa uhai wa mtoto.